Kubadilisha nyundo za piano ya miguu mitatu, na kuzichoma sindano

Majuzi nilikuwa Mombasa kumsaidia fundi kijana aliyepewa kazi kwenye Bechstein ya kanisa, piano ya mwishoni mwa karne ya 19. Nondo walikuwa wameshakula felti upande wa besi, na kule juu felti imebaki nyembamba kama karatasi, nyuzi zimeichimba mifereji mitatu mitatu hadi karibu na mbao. Kijana alikuwa amefanya vizuri, kisha akakwama palepale nilipokwama mimi miaka iliyopita nikapoteza siku mbili nzima. Ninaandika hasa kwa ajili ya hapo. Mengine nitayapita mbio.

1. Toa mtambo, yaani vibao vya kupigia pamoja na nyundo zake zote. Ondoa vile vipande viwili vya mbao vya pembeni, vuta mtambo kwa mikono miwili. Usiguse kibao hata kimoja unapovuta. Nyundo ikiinuka inakwama kwenye ubao wa pini za kukazia nyuzi, na kijiti kinachoibeba kinakatika.

2. Pima, kisha agiza. Hesabu vibao kwanza. Piano nyingi za umri huu zina 85, si 88, na seti isiyo yake itakugharimu ushuru mara mbili. Mimi huagiza kwa watengenezaji wa Ujerumani, Abel au Renner, pamoja na vijiti na bawaba mpya ambazo vijiti huzungukia. Kung'oa nyundo kwenye vijiti vya miaka mia halafu ukavirudishia vilevile ni kujitafutia kazi ya mwakani.

Usipime urefu kwa nyundo ya zamani, maana imeshaliwa. Pima kimo cha uzi kutoka ubao ambao mtambo unakalia, toa kimo cha pini ya bawaba kutoka ubao huohuo. Uzi ukiwa 192 mm na pini 142 mm, basi kutoka kati ya tundu la kijiti hadi ncha ya nyundo ni 50 mm. Besi ipime peke yake, kwa sababu nyuzi zake zinapita juu ya zile nyingine, tena kwa mshazari.

3. Gundisha besi na kati. Weka nyundo ya kwanza na ya mwisho ya kila sehemu, zikauke, halafu jaza katikati ukifuata rula ndefu. Gundi ni ya ngozi, ya moto, kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji yasiyochemka, nyuzijoto 60 hivi. Inyanyue kwa brashi: ikishuka kama uzi mwembamba usiokatika, iko tayari. Inakupa muda wa kuizungusha nyundo ikae wima, na ukikosea inaachia kwa joto. Gundi ya kunata papo hapo sitaki kuiona kwenye meza yangu.

4. Sehemu ya juu. Simama hapa. Noti ishirini za mwisho usizigundishe kwa kufuata za zamani wala kwa kufuata rula. Ndilo kosa langu. Nilinakili mstari wa nyundo za zamani kwa uaminifu kabisa, nikarudisha mtambo, na oktava ya mwisho ikalia ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango. Nikadhani felti ni laini, nikaipaka dawa ya kuigumisha. Ikawa ko kwa sauti kubwa zaidi. Kumbe fundi aliyenitangulia naye alikuwa amekosea, na mimi nikamnakili.

Huku juu uzi una sentimita tano hivi tu. Nyundo ikipiga nusu milimita pasipo pake, sauti inakufa. Mahali penyewe panatafutwa kwa sikio, hivi:

Chukua nyundo ya noti ya mwisho, ivike kwenye kijiti bila gundi, na kipande cha karatasi kiibane isicheze. Iweke milimita mbili zaidi kuelekea nchani mwa kijiti kuliko unavyodhani, kwa kuwa mtambo unaweza kuuvuta nje lakini ndani zaidi hauendi. Rudisha mtambo. Piga noti hiyo kwa nguvu, tena na tena, huku mwenzako akiuvuta mtambo nje kidogo kidogo. Zima feni. Mahali fulani sauti itafunguka ghafla, ing'ae kama kengele ndogo, na ukipita hapo inafunga tena. Pima mtambo umetoka kiasi gani. Kama ni milimita moja na nusu, nyundo irudi milimita moja na nusu kuelekea bawaba.

Rudia kwa noti ya tano kutoka mwisho, ya kumi, ya kumi na tano. Alama zako huenda zisiwe kwenye mstari ulionyooka na zile za kati. Ziache zipinde, sikio ndilo limesema.

Tahadhari: nyuzi ziwe zimetyuniwa. Nyundo ya jaribio iguse nyuzi zote tatu. Pedali ya kushoto isiwe imeuhamisha mtambo. Na kabla ya kugundisha, rudisha vile vipande vya pembeni ujaribu mara ya mwisho, kwa sababu vikikazwa vinaweza kuusogeza mtambo. Kijana wa Mombasa alikuwa amefanya yote isipokuwa hilo la mwisho.

5. Mikia na marekebisho. Chonga mikia ya nyundo, upande wa chini wa mbao, idakwe vizuri na kidakio cha nyuma ya kibao nyundo inaporudi, nyundo ikae 45 hadi 48 mm chini ya uzi. Hii unaijua.

6. Sauti. Tyuni kwanza. Kisha inua nyundo iguse nyuzi, ishikilie hapo, dona uzi mmoja mmoja. Unaolia haujaguswa: sawazisha nyuzi kwanza, ndipo uisugue nyundo kwa msasa, ukitoka mabegani, yaani pande mbili za ncha, kwenda nchani. Wengi huchoma sindano kutibu kasoro ambayo ni ya uzi.

Nyundo za Kijerumani huja ngumu, na sindano ndiyo huilainisha felti. Ichukulie nyundo kama uso wa saa, ncha ikiwa saa sita. Sindano tatu kwenye mpini, zichome kwa kina mabegani, kwenye saa nne na saa nane, zielekee katikati. Pale saa sita usipachome kwa kina. Ukipaharibu, nyundo hiyo imekwenda. Choma mara tatu, rudisha, sikiliza, choma tena. Noti za juu kabisa mimi sizigusi kabisa kwa sindano.

7. Acha ipigwe. Felti mpya inashindiliwa kwa kupigwa, na sauti inazidi kuwa kali. Kwa hiyo iache nyororo kidogo kuliko wanavyotaka, mwambie mpigaji aitumie mwezi mmoja, na nauli ya kurudi iweke kwenye bei tangu mwanzo.