Kupima halijoto ya kelele ya kipokezi cha darubini ya redio (MHz 1420)

Halijoto ya kelele huonyesha, kwa kelvini, kelele ambayo kipokezi chenyewe huongeza kwenye mawimbi kinayopokea. Kipokezi kipimwe mezani kabla hakijapandishwa kwenye dishi. Kikishafika juu, kelele za ardhi, anga na minara ya simu huchanganyika na zake, na kuzitenganisha ni kazi ngumu.

Andaa kipimo cha nguvu, sifongo mbili nyeusi zenye kaboni, na boksi la stairofomu lililo pana kuliko mdomo wa honi (antena yenye umbo la faneli inayopokea mawimbi). Piramidi zilizo kwenye uso wa sifongo ziwe na kimo cha sm 20 au zaidi. Za sm 5 hazimezi vizuri mawimbi ya sm 21. Sifongo moja izamishwe katika naitrojeni ya kimiminika ndani ya boksi hilo hadi mapovu makali yatulie. Lita 1 ya kimiminika hicho hutoa karibu lita 700 za gesi inayofukuza oksijeni, basi fungua milango na madirisha, vaa miwani na glavu pana zinazovulika haraka.

Washa amplifaya saa nzima kabla, kwani ukuzaji wake huyumba hadi ipate joto lake. Honi ikitazama chini, soma nguvu kwenye sifongo ya joto la chumba, kisha ya baridi, kisha ya chumba tena, yote ndani ya dakika moja. Vipimo viwili vya chumba visipolingana, anza upya.

Gawanya nguvu ya moto kwa ya baridi (kwa wati, si kwa desibeli) upate Y. Halijoto ya kelele = (Tm − Y × Tb) ÷ (Y − 1), ambapo Tm ni halijoto ya sifongo ya moto (ya chumba) na Tb ya ile ya baridi, zote kwa kelvini. Kwa Tm 295, Tb 77 na tofauti ya desibeli 4.5, Y ni 2.82 na jibu ni karibu kelvini 43. Kosa la desibeli 0.1 tu hulisogeza kwa kelvini 4 hivi.

Ncha za sifongo zikichomoza hupata joto, na kipokezi huonekana kibaya kuliko kilivyo. Uso wa naitrojeni nao huakisi kidogo: pandisha honi sm 5.3 (robo ya urefu wa wimbi), pima tena, chukua wastani. Kwenye mwinuko wa Nairobi naitrojeni huchemka chini ya kelvini 76, kwa hiyo rekebisha Tb.

Jibu likizidi matarajio, tazama kwanza kebo iliyo kabla ya amplifaya ya kwanza. Kila desibeli 0.1 inayopotea hapo huongeza karibu kelvini 7. Iondoe, ufunge amplifaya kwenye honi yenyewe.