Namna ya kumwiga mtu jukwaani mpaka watazamaji wamtambue kabla hujamtaja

Janet Brown, mchekeshaji wa Uskoti aliyezaliwa Rutherglen, jirani na Glasgow, mwaka 1923, alivuma kwa kumwiga Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza; mwaka 1981 alimwigiza hata kwenye filamu ya James Bond. Thatcher alikuwa amejifunza kuishusha sauti yake, na sauti ya kujifunza ina alama ambazo mwigaji anaweza kuzishika. Tafuta mtu wa namna hiyo: mwenye alama.

Kwa anayeanza Bagamoyo, hakuna mwalimu kama dalali wa mnada wa samaki pale ufukweni. Msalimie, omba ruhusa, kisha mrekodi kwa simu dakika mbili tatu. Ukisikiliza, andika mambo matatu tu: anapandisha sauti wapi, anavuta pumzi wapi, neno gani halimtoki mdomoni.

Mazoezi yaanze na mwili. Dalali kanyanyua samaki kwa mkono mmoja, kidevu juu, macho yanaruka kutoka mteja hadi mteja. Simama hivyo hivyo na sauti yako itabadilika yenyewe. Wengi huanza na koo, wanalikaza, na siku ya onyesho sauti imekauka. Dakika 15 kwa mara moja zinatosha. Ukisikia mkwaruzo, acha, kunywa maji.

Kisha kuza alama moja, zile mbili ziache zilivyo. Ukikuza zote, anabaki mtu asiyefanana na yeyote.

Kichekesho chenyewe hutoka pale unapomhamisha. Mfanye dalali awe mshenga. Kazi ya mshenga ni kuwabembeleza wakwe wapunguze mahari, lakini ulimi wake umezoea kupandisha: "Laki tano! Laki tano hapa! Nani ana sita?" Mjomba wa bibi harusi anyooshe mkono haraka, na bwana harusi ashike kichwa. Hapo huhitaji kuongeza utani mwingine.

Watu wakicheka, nyamaza, ila mkono wa dalali ubaki juu na uso usitabasamu. Endelea kicheko kinapoanza kushuka. Ukingoja kiishe kabisa, onyesho linapoa. Ukisema kicheko kikiwa bado juu, watu watajizuia kucheka ili wasipitwe.

Kwenye uwanja wa wazi, upepo wa bahari hula silabi za mwisho. Mwenzako akae safu ya nyuma kabisa wakati wa mazoezi, anyooshe mkono kila neno linapopotea.

Usiige kigugumizi wala kilema. Wala usiige lafudhi ya Wakwere au Wazaramo kwa jumla ukadhani umemaliza kazi: iga mtu, si kabila.

Mwisho, jipime. Sema mistari mitano bila kutaja samaki wala mnada, mbele ya watu wanaokwenda sokoni kila siku, uwaulize ni nani. Wakitaja mtu mwingine, rudi kwenye rekodi usikilize pumzi upya. Kuongeza kelele hakutasaidia.