SOMO: Jinsi ya kujua mwaka wa picha ya zamani ya treni za Uingereza hata kama nyuma haijaandikwa kitu

Habari zenu wakuu. Kuna picha nzuri sana za treni za mvuke za Uingereza watu wanatuma humu, halafu chini unakuta "miaka ya 40 hivi" au "zamani sana" basi imeisha, na inaniuma kwa sababu picha nyingi zinajieleza zenyewe, mwaka umo humohumo ndani ya picha, ni kujua tu macho uyapeleke wapi. Nimeahidi somo muda, leo nalileta.

Kwanza shikeni jambo moja, mengine yote yanafuata hapo. Kitu kipya kuliko vyote kwenye picha ndicho kinachoamua. Kichwa cha treni kinaweza kuwa kimeundwa 1911, mabehewa ya 1928, stesheni imejengwa enzi za malkia Victoria, lakini kama uani kuna gari limepaki na namba yake inaishia na herufi C peke yake baada ya tarakimu (mfano ABC 123C) basi picha ni ya 1965 au baada ya hapo, hata muuzaji aape. Reli ya Uingereza ilikuwa inatumia vitu mpaka vichakae kabisa, kwahiyo umri wa kichwa wenyewe hausemi kitu kuhusu siku ambayo picha ilipigwa.

Hatua ya 1: skani mbele na nyuma

Kabla hujakuza wala kukata kitu skani picha nzima pamoja na kingo zake, ya karatasi weka 600 dpi, negativu ndogo ya milimita 35 nenda 2400 au zaidi, na utunze faili la TIFF hata kama unatuma JPEG. Nyuma nako skani. Muhuri wa mpiga picha, penseli hafifu, alama ya gundi, vyote ni ushahidi. Kama ni kadi ya posta na nyuma imegawanywa sehemu mbili, ujumbe kushoto na anwani kulia, ujue ni kuanzia 1902 maana ndipo Uingereza waliporuhusu hivyo, na sura ya mfalme kwenye stempu inakubania zaidi, Edward VII aliishia 1910, George V 1936. Ukitaka kuandika nyuma tumia penseli laini, kalamu ya wino inapenya inaharibu.

Hatua ya 2: soma herufi ubavuni mwa tenda

Tenda ni lile behewa la makaa na maji linalofuata nyuma ya kichwa. Kabla ya 1923 kulikuwa na makampuni mengi mno, makubwa kwa madogo, kila moja na rangi yake. Tarehe 1 Januari 1923 yakaunganishwa yakabaki manne makubwa: LMS (London, Midland na Scottish), LNER (London na North Eastern), Southern na GWR (Great Western). Tarehe 1 Januari 1948 serikali ikachukua yote ikawa British Railways. Kwahiyo ukiona LMS au LNER tayari una mwanzo wa 1923. Mwisho wake lakini usiuweke 1947, maana hawakupaka rangi vichwa vyote usiku mmoja, kuna vichwa vilitembea na LMS ubavuni miaka kadhaa baada ya kampuni yenyewe kufa.

GWR ndio wanasumbua watu, kwa sababu jina hilo lilikuwepo tangu miaka ya 1830 na halikubadilika 1923. Hapo angalia herufi zimeandikwaje. Kama zimesukwa ndani ya duara dogo kama kifungo cha shati, hiyo ni 1934 hadi 1942, na rangi ikadumu kidogo mbele ya hapo.

Hatua ya 3: namba, hapa ndipo utamu ulipo

British Railways walipochukua hawakutunga namba upya, waliongezea tu. Za Southern zikaongezwa 30000, za LMS 40000, za LNER 60000, na vichwa vipya walivyounda wenyewe kuanzia 1951 vikaanzia 70000. Za GWR wakaziacha, kwa sababu zilikuwa ni vibao vya chuma vilivyosubiwa, sio rangi. Mallard, kile kichwa kilichofika maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, wakati ule kilikuwa namba 4468, mwaka 1946 LNER wakapanga namba zao upya kikawa 22, halafu kikaja kuwa 60022. Kichwa kilekile, namba tatu, enzi tatu. Ukipata namba tu umeshapunguza kazi nusu.

Halafu cheki namba imekaa wapi. Kibao cha namba kwenye mlango wa duara wa mbele, pale kwenye kisanduku cha moshi, LMS walikuwa nacho zamani, British Railways wakakisambaza kwa wote. Kwahiyo kichwa cha GWR chenye kibao pale mbele ni cha baada ya 1948, mapema zaidi walikuwa wanaandika namba kwenye boriti nyekundu ya bafa (vile vikinga-mgongano vya mbele).

Chini ya mlango huohuo kuna kibao kidogo cha duara dufu, ndio kodi (code, yaani namba ya utambulisho) ya loko shedi kichwa kilikolala. 1A ni Willesden, 34A King's Cross, 81A Old Oak Common, 64B Haymarket kule Edinburgh, 70A Nine Elms. Hizo kodi zilibadilishwa mara kwa mara, mfano Holbeck ya Leeds ilikuwa 20A halafu 1957 ikawa 55A, kwahiyo kibao kimoja kinaweza kukupa mahali na kipindi kwa mpigo. Mimi binafsi hiki kibao nakipenda kuliko alama nyingine yoyote, na kinaonekana ukikuza tu vizuri, ndio maana nasisitiza skani kubwa.

Hatua ya 4: simba

Mwaka 1948 waliandika BRITISH RAILWAYS kwa kirefu kwenye tenda. Kuanzia kama 1949 ikaja nembo ya simba mwembamba amesimama juu ya gurudumu. 1956 wakabadilisha, simba anatokea ndani ya taji ameshika gurudumu mikononi. 1965 zikaja zile mishale miwili na jina British Rail ila mvuke ulikuwa unakata roho, hiyo nembo utaiona kwenye diseli na umeme.

Hatua ya 5: alama ndogondogo za miaka ya mwisho

Vibandiko vidogo vyenye alama ya radi kwenye boila na tenda, onyo la nyaya za umeme juu, ni kuanzia kama 1960. Mstari wa njano wa mshazari ubavuni mwa kibanda cha dereva ni Septemba 1964 kuendelea, maana yake kichwa hicho kimekatazwa kwenda kusini ya mji wa Crewe chini ya nyaya. Picha ya mvuke yenye huo mstari inakaa kwenye miaka minne tu, kwa sababu treni ya mwisho ya mvuke ya British Rail kwenye njia kuu ilikuwa 11 Agosti 1968, Liverpool kwenda Carlisle na kurudi.

Diseli kwa kifupi: herufi D mbele ya namba waliacha kuiandika mvuke ulipoisha 1968. Kipande kidogo cha njano usoni ni kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 60, uso mzima wa njano mwishoni mwa muongo huohuo. Namba za tarakimu tano kwa kawaida ni 1973 na kuendelea.

Hatua ya 6: sasa achana na kichwa, angalia pembeni

Mlango wa behewa wenye namba 3 ni daraja la tatu, na Uingereza walilifuta Juni 1956 wakaliita la pili (sisi wa reli ya kati tuliendelea nalo daraja la tatu miaka na miaka). Stesheni haina kibao cha jina kabisa? Vibao viliondolewa 1940 wakihofia Wajerumani wakishuka wasijue walipo. Taa mbili mbele, moja juu ya kila bafa, ni treni ya abiria ya haraka, taa moja tu juu kwenye mlango wa moshi au chini ya bomba ni abiria ya kawaida. Hiyo haikupi mwaka lakini inakueleza treni ilikuwa inafanya nini. Mahali ukiwa na mashaka, maktaba ya taifa ya Scotland wameweka ramani za zamani bure mtandaoni, tafuta mkunjo wa reli, daraja, kibanda cha ishara, linganisha. Stesheni nyingi hazipo leo, ripoti ya Machi 1963 ya Dr Beeching, mwenyekiti wa British Railways, ilipendekeza zaidi ya 2,000 zifungwe, kwahiyo picha yako inaweza kuwa ndio kumbukumbu pekee ya mahali fulani. Tuzitendee haki.

Hatua ya 7: andika kipindi, sio mwaka

"Kati ya 1956 na 1960, shedi 34A, nembo ya pili, hakuna vibandiko vya radi." Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko "1958" bila sababu, kwa sababu mwingine akija na ushahidi zaidi anajua aanzie wapi.

Haya karibuni kwa maswali.

---

Mdau wa Tabora: Mkuu shukrani. Kuna jamaa anauza picha ya Flying Scotsman namba 4472, anasema ni 1934, bei imesimama. Namba si inakubali?

Jibu: Namba inakubali ila usilipe bado ndugu yangu. Hiki kichwa kilivaa 4472 zaidi ya mara moja, mara ya kwanza 1924 hadi 1946, halafu Alan Pegler alipokinunua 1963 akakirudishia namba ileile na rangi ya kijani. Angalia juu ubavuni mwa kisanduku cha moshi, nyuma kidogo ya bomba. Kama kuna kifuniko kimetokeza kama kisanduku kidogo, hilo ni boila la A3, aina iliyoboreshwa, na kichwa kilibadilishwa kuwa A3 Januari 1947 wakati namba ilishakuwa 103. Kwahiyo 4472 yenye hicho kifuniko ni ya 1963 kuja huku. Ukiona inavuta tenda mbili ndio usijisumbue kabisa, ya pili iliongezwa 1966.

Mdau wa Nairobi: Naeza tumia app kuweka rangi? Zinatoka poa sana

Jibu: Weka ila tuma na ya asili pamoja, na useme wazi. Programu inabuni rangi, haijui. Tena kuna mtego, sahani za kioo na filamu za zamani nyingi hazikuwa zinaona rangi nyekundu, kwahiyo behewa jekundu la kampuni ya Midland linatoka karibu jeusi na buluu ya kampuni ya Caledonian inatoka nyeupenyeupe. Programu ikiona giza inapaka kijani au nyeusi, mtu anaibeba anaisambaza, baada ya miaka miwili ndio imekuwa "ukweli".

Mdau wa Dodoma: Simba wa 1956, kwangu anaangalia kulia, ni feki?

Jibu: Sio feki, hongera. Mwanzoni walipaka simba aangalie mbele ya treni pande zote mbili, kwahiyo upande mmoja anatazama kulia. Wataalamu wa nembo wakakataa, miaka ya mwisho ya 50 wakaanza kuweka anayetazama kushoto pande zote. Wa kulia anakusogeza kwenye miaka ya mwanzo ya nembo hiyo, japo wengine walibaki mpaka rangi iliporudiwa.

Mdau wa Leicester: Dada yenu huku nimenunua boksi la negativu mnadani, naweza kuzituma? Nimezilipia

Jibu: Dada umelipia negativu, sio haki ya picha. Kwa sheria ya huko haki inakaa na mpiga picha na warithi wake miaka 70 baada ya kifo chake. Tafuta jina kwenye boksi, mara nyingi wameandika tarehe na namba za vichwa kwenye bahasha. Hizo bahasha usizitupe wala usizichanganye na negativu nyingine tafadhali, ndizo zenye kazi yote niliyoeleza hapo juu tayari imefanywa na mtu aliyekuwepo.

Mdau wa Arusha: Napinga kidogo mkuu. Kuna picha zina namba sawa, shedi sawa, simba sawa, na imepigwa mwaka jana. Zile reli za wapenzi wa treni.

Jibu: Umeongeza kitu cha maana. Talyllyn kule Wales walianza 1951, Bluebell 1960, na leo ziko nyingi zinapaka kila kitu kama zamani. Ndio maana nimesema kitu kipya kinaamua: fulana za kung'aa za usalama, simu mikononi, nguzo za taa za kisasa kwa mbali. Na picha ikiwa nyeusi na nyeupe halafu kali mno kona zote, uliza imetoka wapi.

Mzee wa Mombasa: Vijana, mimi nilifanya kazi shedi. Nina picha ya kichwa 5918 imeandikwa EAR&H, imesimama ndani ya jengo. Somo lako linafaa kwa hii?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Linafaa kabisa, hivyo ni vya Uingereza, Beyer Peacock wa Gorton, Manchester waliviunda 34, 5901 hadi 5934, miaka ya 1955 na 1956, vyote vikapewa majina ya milima. Hicho chako ni Mount Gelai, kipo mpaka leo makumbusho ya reli Nairobi. EAR&H (Reli na Bandari za Afrika Mashariki) ilianza 1948, kabla yake ya Kenya na Uganda iliitwa KUR&H, na 1969 bandari zikatenganishwa ikabaki EAR. Kwahiyo picha yako ni kati ya 1955 na 1969 au mbele kidogo kama rangi ilichelewa. Tazama kama kichwa chote ni kijivu kisicho na doa, viwandani walikuwa wanapaka kijivu kwa ajili ya picha rasmi, hapo itakuwa Manchester kabla hakijapanda meli. Kama kina mafuta na vumbi basi ni shedi yenu. Na mzee, ukiweza andika majina ya wote unaowakumbuka humo kwenye picha, mmoja mmoja, nani alikuwa dereva na nani fundi, hayo hakuna kibao kitakachotuambia.

Mzee wa Mombasa: Marahaba. Kina mafuta. Wapo wanne, watatu nawajua. Naskani kesho na mjukuu.