Kuchagua Neno Sahihi: Basi, Daladala, Matatu na Mwendokasi
Tumia neno basi kwa gari kubwa la abiria, hasa la safari za mikoani, na ulipatanishe ipasavyo: basi hili, mabasi haya. Gari dogo linalopakia na kushusha abiria mjini huitwa daladala nchini Tanzania, ilhali Kenya huitwa matatu, jina linalohusishwa na sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya zamani. Kwa hiyo mfikirie kwanza msomaji wako. Majina haya mawili hupatanishwa na hii au hizi: daladala hii, matatu hizi. Mwendokasi, kwa upande wake, ni mabasi ya Dar es Salaam yaliyoanza kazi mwaka 2016 katika njia zake maalumu, si basi lolote liendalo kasi.