Namna ya Kufuatilia Kazi ya Wakala za Umoja wa Ulaya katika Nchi Wanachama

Anayetaka kuelewa jinsi sera ya pamoja ya Umoja wa Ulaya inavyotekelezwa katika nchi wanachama aanze na sheria iliyounda wakala husika, kwa kuwa humo ndimo mamlaka yake yalimoandikwa pamoja na mipaka yake. Atafute kwanza jambo moja: nani hutia saini uamuzi wa mwisho? Wengi hudhani ni wakala, na hapo ndipo uchambuzi unapopotoka.

Tuangalie dawa. Wakala wa Dawa wa Ulaya, ulioanza kazi London mwaka 1995 na kuhamia Amsterdam mwaka 2019, hupokea ombi la kampuni na kulikabidhi kwa kamati ya wataalamu walioteuliwa na nchi wanachama. Wawili kati yao huongoza tathmini wakisaidiwa na wenzao wa mamlaka za dawa za kwao, na kamati hupewa siku 210 za kutoa maoni, bila kuhesabu muda ambao kampuni inatayarisha majibu ya maswali iliyoulizwa. Kibali chenyewe hutolewa na Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, nacho hutambuliwa katika nchi zote za Umoja. Lakini bei, na suala la nani agharamie, hubaki mikononi mwa kila nchi, ndiyo maana dawa iliyokwisha kuidhinishwa inaweza kumchelewea mgonjwa wa nchi moja huku wa nchi jirani akiitumia. Jambo hili linaumiza, na halipaswi kupitwa juu juu.

Katika usafiri wa anga mambo ni tofauti. Wakala wa Usalama wa Anga, wenye makao Cologne, ndio unaotoa cheti cha aina mpya ya ndege, na wakaguzi wake huzitembelea mamlaka za anga za nchi wanachama ili kuona kama kanuni zinafuatwa. Kasoro ikibainika, mamlaka hiyo hutakiwa kuwasilisha mpango wa kuirekebisha. Nchi ikikaidi, Kamisheni ndiyo yenye uwezo wa kuishtaki katika Mahakama ya Haki ya Umoja.

Kwa kemikali, usajili hufanyika kwa Wakala wa Kemikali wa Ulaya, wenye makao Helsinki, ilhali anayeingia kiwandani kukagua ni mkaguzi wa nchi husika. Kwa hiyo, ukishamaliza kusoma ripoti za wakala, uliza nchi hiyo ina wakaguzi wangapi.