Usimtambue gayogayo kwa upande wa macho pekee
Anayetaka kutambua spishi ya gayogayo, yaani samaki bapa mwenye macho yote mawili upande mmoja wa mwili, asitegemee upande wenye macho peke yake, kwa kuwa gayogayo aitwaye Platichthys stellatus, ambaye familia yake kwa kawaida huwa na macho upande wa kulia, katika maji ya Japani karibu wote huwa nayo upande wa kushoto, ilhali pwani ya magharibi ya Marekani idadi za pande hizo mbili hukaribiana. Psettodes erumei wa Afrika Mashariki naye hupatikana kwa namna zote mbili. Rangi nayo hudanganya, maana wapo wenye madoa hata upande wa chini. Ni afadhali kukagua pezi la mgongoni, ambalo kwa Psettodes huanzia nyuma kabisa ya macho na lina miiba sehemu ya mbele.