Timu inashinda lakini roho haitulii? Hivi ndo unapima kama kuna tatizo kweli

Hiyo hali naijua vizuri, timu yako ya besiboli inaongoza msimamo lakini kila mechi 3-2, 4-3, wapigaji hawapigi, warushaji wanagawa besi za bure tu (wanarusha vibaya hadi mpigaji anapewa besi ya kwanza bila kupiga), na ukisema una wasi unaambiwa tulia bana si tunashinda. Usitulie kwanza, pima.

Anza na tofauti ya rani (ndo pointi za besiboli), walizofunga toa walizofungwa. Mimi naiamini hii kuliko msimamo. Cheki Texas Rangers wa 2016, walishinda 95 wakapoteza 67, rekodi bora kwenye American League nzima (moja ya ligi mbili kuu za Marekani), ila walifunga rani 765 wakafungwa 757. Rani nane tu kwa mechi 162! Sasa kuna hesabu ya Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, chukua rani za kufunga zidisha kwa zenyewe, za kufungwa nazo hivyo hivyo, jumlisha hizo mbili, halafu ile ya kufunga igawanye kwa hiyo jumla, kisha mara 162. Kwa Rangers inatoka kama ushindi 82. Hizo 13 za ziada zilitoka wapi? Angalia mechi za tofauti ya rani moja, walikuwa 36-11, na hiyo kitu huwa haidumu. Mtoano ulipofika Blue Jays wakawapiga mechi 3-0, ya kwanza rani 10-1, na 2017 wakamaliza 78-84.

Wapigaji wakikauka usiwahi kulia. Mipira inayopigwa ikabaki uwanjani, kwa ligi nzima karibu 30 kwa kila 100 inakuwa hiti (mpigaji anafika besi salama), kwa hiyo mchezaji anayeupiga kwa nguvu halafu kila siku unaangukia mikononi mwa mtu, mvumilie, itarudi tu. Ila kama straikiauti (kutolewa kwa kushindwa kuupiga mpira) zinapanda na besi za bure anazopata zinashuka, hapo macho yake au bati lake lina shida.

Warushaji ndo wa kuogopa zaidi kwa maoni yangu. ERA (wastani wa rani anazofungwa mrushaji kwa iningi tisa, yaani awamu tisa za mechi) inaweza kukudanganya wiki kadhaa sababu mabeki wanaokoa, wewe angalia vitu vitatu: straikiauti, besi za bure, homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja). Mtu ana ERA nzuri lakini anagawa besi za bure nne nne kila mechi, bili inakuja. Halafu hesabu waanzaji wanafika iningi ya ngapi, maana wakitoka ya tano kila siku bulpeni (warushaji wa akiba) inabeba iningi nne usiku baada ya usiku, na timu inayoshinda kwa rani moja haiwezi kupumzisha mikono yake bora, yule mfungaji mechi (mrushaji wa kumalizia) anarusha siku tatu mfululizo, ikifika Agosti kasi imeshuka na wewe uliyeamka saa tisa usiku Dar au Nairobi unaangalia uongozi unapotea iningi ya nane.

Wiki mbili tatu mbaya peke yake usizitumie kuhukumu lakini. Yankees wa 2000 walipoteza 15 kati ya mechi 18 za mwisho na World Series (fainali ya ubingwa) wakaibeba, wakawafunga Mets mechi 4-1.

Kwa hiyo pima mwezi mzima mzima, andika pembeni, na soko la kubadilishana wachezaji likikaribia kufungwa mwisho wa Julai au mwanzoni mwa Agosti cheki daftari lako: kama ni bahati mbaya tu ya wapigaji ombea mabosi wasiuze vijana, kama ni bulpeni imechoka basi mabosi wanatakiwa walete mikono miwili mipya, hata kama ni ghali.